Kiganja cha Saruji

1

Koku aligonga mwiko kwenye ukingo wa kalibu ya zege mara tatu. Mbili kwa nguvu, ya tatu taratibu, kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto.

Nilikuwa meza ya pili, naosha nondo ya kushindilia. Ikaniponyoka, ikatumbukia kwenye beseni, maji yakanirukia hadi kifuani.

"Pole, Mama," Koku alisema. "Mikono imechoka?"

"Mikono yangu haichoki. Shughulika na zege lako."

Mpigo ule wa tatu ulikuwa wa mama yangu. Ndivyo alivyokuwa akigonga mwiko wa ugali kwenye sufuria kule Tukuyu, na mimi niliuchukua bila kufundishwa. Niliupeleka maabara nikagonga hivyo kwa miaka kumi na tisa, na sijawahi kumwona mtu mwingine akifanya hivyo. Koku kwao ni Muleba. Hajawahi kuingia jikoni kwa mama yangu.

"Umejifunzia wapi kugonga hivyo?"

"Kugonga nini?" Aliutazama mwiko kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Ah. Sijui. Ni chanjo tu."

Akaendelea kujaza kalibu. Kwenye vifundo vya mikono yake yalionekana makovu mawili madogo, mahali sindano zilipoingia. Darasa letu la uzamili wa uhandisi ujenzi lilikuwa na watu kumi na mmoja. Kumi walikuwa na makovu hayo. Wa kumi na moja ni mimi.

Habari yenyewe ni fupi. Mashine za kupima zege ziliwahi kuingiliwa kutoka mbali, zikatoa vyeti vya uongo, na watu wakahamia kwenye maghorofa ambayo hayakustahili hata kufugia kuku. Sheria ikabadilika: zege litapimwa kwa mkono wa mtu, na shahidi awepo. Lakini vijana walikuwa wamelelewa na mashine. Hakuna aliyejua kushika mwiko. Ndipo watu wa chanjo wakatujia sisi mafundi sanifu wakiwa na glavu za kijivu, wakatuvalisha siku thelathini, glavu zikajifunza kila msuli unavyokwenda. Mimi walinikuta Songwe, miaka tisa iliyopita. Niliweka sahihi bila kuisoma karatasi, nikapewa friji. Friji hilo bado linafanya kazi, kwa hiyo siwezi kusema sikupata kitu.

Walichojifunza kwetu wanakidunga kwa wengine. Koku alikuja chuoni hajui upi mchanga upi moramu. Wiki ya kwanza alimwaga zege kwenye viatu vya Profesa. Akaenda kuchanjwa, akapumzika siku nne, akarudi na mikono ya mtu mzima. Cheti chake cha chanjo kilibandikwa ukutani kama vya wenzake: Chanzo namba 14, fundi sanifu wa maabara, jina limefichwa.

Profesa Kiyeyeu alipita, akasimama nyuma ya Koku, akatikisa kichwa kwa raha. "Tazameni mkono huo. Tazameni ulivyotulia. Huo ndio mkono wa mhandisi."

Miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kusimama nyuma yangu kusema hivyo. Walisema, "Mama Ipyana, kalete majibu."

2

"Sasa si ungefurahi?" Ipyana aliniambia alasiri ile akimenya ndizi. Ana miaka kumi na sita na mdomo wa bibi yake. "Mikono yako inasoma shahada mbili kwa mpigo."

"Sina mzaha leo."

"Sina mzaha na mimi. Mwambie, 'Binti, hiyo ni mikono yangu, ioshe vizuri.'"

"Menya ndizi."

Alimenya. Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Hivi daraja letu atapewa yeye?"

Shule yao iko ng'ambo ya korongo la Mwasenga. Wanafunzi mia nne wanavushwa kwa kikapu cha waya, wanane wanane, na siku ya upepo hawavushwi. Halmashauri ilikubali kujenga daraja la waenda kwa miguu kwa zege lisilokula saruji nyingi, na chuo kikaambiwa kilete mchanganyiko. Walibaki washindani wawili. Mimi na pozolana, yaani majivu ya mlima yanayochimbwa Rungwe. Koku na majivu ya pumba za mpunga kutoka Mbarali. Atakayeshinda atasimamia ujenzi, na jina lake litachongwa kwenye nguzo.

Nguvu ya zege ina namba yake. Unajaza zege kwenye kalibu ya chuma, linakuwa pande la mraba tunaloliita kyubu, unaliloweka siku ishirini na nane, kisha unaliponda kwenye mashine ya kusukuma kwa mkono na kusoma lilikatikia wapi. Daraja lile lilitaka thelathini. Kyubu zangu zilikuwa zimetoa thelathini na moja. Niliimba njia nzima hadi nyumbani.

Za Koku zikatoa arobaini na moja.

"Bado hawajaamua," nilimwambia Ipyana.

"Mama, umekata kitunguu kama unakichukia."

Ni kweli. Nilikuwa nachukia vitu vingi siku hiyo. Nilichukia kucha ndogo safi za Koku. Nilichukia kwamba ana miaka ishirini na nne na hana mtoto wa kumwandalia sare asubuhi. Shahada yake ya kwanza aliisoma akiwa amekaa, mimi stashahada yangu niliisoma nimesimama, na mimba. Zaidi ya yote nilichukia kwamba ananishinda kwa mikono yangu mwenyewe, na wanampongeza yeye.

3

Jumanne ilikuwa zamu yangu kuwa shahidi wa Koku. Shahidi anakaa kwenye stuli, anatazama, anaweka sahihi. Wengi wanachezea simu. Mimi nilitazama. Wivu una macho makali, na mimi nilikuwa na wivu wa kutosha darasa zima.

Alichanganya vizuri. Alipima maji vizuri. Alijaza tabaka la kwanza, akashindilia mara thelathini na tano, akajaza la pili. Kisha, huku anaongea nami kuhusu mvua, mkono wake wa kushoto ukaenda pembeni kwenye bakuli la saruji kavu. Ukaingia, ukatoka, ukajikung'uta juu ya sinia la zege. Ukarudi mahali pake.

Mtu yeyote angeona fundi anakausha jasho ili mwiko usimteleze. Mafundi hujipaka saruji, ni kawaida. Ila mkono ule haukujipaka saruji. Ulichota kiganja kizima na kukimwaga kwenye zege la kyubu.

Sitasema uongo: nilifurahi. Nimekushika, nilisema moyoni. Hiyo arobaini na moja yako ni kiganja cha saruji. Daraja litajengwa kwa zege lisilo na kiganja hicho, maana hakuna mtu atakayesimama juu ya lori akirushia saruji kila ndoo.

Furaha hiyo ilidumu kama dakika moja. Kisha nikaukumbuka mkono.

Nilianza mchezo huo mwaka wangu wa pili kazini. Kulikuwa na mkandarasi mmoja, baba wa watu, kyubu zake zilifeli kwa namba mbili tu, akaja maabara akalia machozi ya kweli. Mara iliyofuata nikaongeza kiganja. Kidogo tu, nikijua kwamba nondo zake ni nzuri, na nguzo zitasimama. Hakuniomba. Wala sikupokea chochote. Nilimhurumia tu. Kisha nikamhurumia mwingine. Mkaguzi akiwa pembeni unajifanya unakausha mkono. Baada ya miaka michache sikuwa nahurumia mtu tena. Mkono ulikuwa unajiendea wenyewe, kama unavyofunga mlango ukitoka na baadaye hukumbuki kama ulifunga.

Na katikati ya miaka hiyo nilivaa glavu ya kijivu siku thelathini.

Siku nilipojiandikisha uzamili nilijiapia kuacha, na niliacha. Kwa hiyo kyubu zangu zilikuwa safi. Za Koku zilikuwa na dhambi yangu, na yeye hajui.

Niliweka sahihi kwenye fomu yake. Nilitembea kuzunguka jengo la maabara mara mbili, juani, nikifikiri kama ninavyofikiri bei sokoni: hiki kwa kile. Nikinyamaza, Ipyana atavuka juu ya zege ambalo hakuna anayejua nguvu yake. Kwa hiyo kunyamaza hakupo. Nikisema yote, wataniuliza nimejuaje, na kila jengo nililolipima litatiliwa shaka. Mimi niliingia uzamili kwa uzoefu wa kazi. Uzoefu ukichafuka, kiti changu kinaondoka nao. Lakini kulikuwa na njia ya tatu. Kusema nusu.

Nikaenda ofisini kwa Profesa Kiyeyeu. Ni kijana kwangu, ananipita vitabu tu.

"Profesa, nina neno kuhusu kyubu za Koku."

"Sema, Mama Ipyana."

"Zinaongezewa saruji. Mkononi. Nimeona."

Aliweka kikombe chini. Alikuwa anampenda yule binti kama mwalimu anavyompenda mwanafunzi anayempa sifa, na uso wake ulinyauka mbele yangu. "Kwa makusudi?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Ningeweza kusema hapana. Neno moja.

"Mimi nimesema nilichoona," nilisema.

4

Ijumaa saa nne asubuhi walituita wote ukumbini. Meza iliwekwa katikati, kamera juu yake, picha ikatupwa ukutani mikono ikionekana mikubwa kama milango. Wakaguzi watatu walikaa mbele. Mmoja, mzee mwenye koti la kahawia, alikuja na karanga mfukoni na alikuwa anazila.

"Dada, tutengenezee kyubu moja," alimwambia Koku. "Kama siku zote."

Koku alitengeneza kama siku zote, huku akieleza kwa sauti ya kujiamini kwa nini majivu ya pumba yanafaa yakichomwa kwa moto mdogo. Alikuwa hajaambiwa chochote. Katikati ya sentensi mkono wa kushoto ukaenda kwenye bakuli.

Mzee aliacha kutafuna. "Rudisheni picha."

Wakairudisha, polepole. Ukumbi mzima ukaona vidole vinafunga, vinachota, vinamwaga.

"Hicho ni nini?" mzee aliuliza.

Koku alitazama ukuta, kisha akatazama mkono wake, kisha ukuta tena. "Sijafanya hivyo."

"Umefanya. Tumeona wote."

"Huo si mkono wangu!"

"Ni wa nani basi, umeuazima?"

Watu wakacheka. Koku hakucheka. Aliomba kurudia. Alikunja uso, akatengeneza ya pili kimya kimya, na alipojisahau kidogo tu kufuta paji la uso, mkono ukaenda tena. Safari hii aliuona mwenyewe ukiwa bado ndani ya bakuli. Akabaki ameushikilia mkono huo kwa mkono mwingine kana kwamba umemng'ata.

"Haki ya Mungu sikujua," alisema.

Profesa alianza kusoma kanuni: udanganyifu katika vipimo, kufutiwa tasnifu, kuondolewa chuoni. Alisoma bila kuinua macho. Na mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili nikipata kila nilichokitaka, kwa mpangilio nilioutaka.

Kisha Koku akageuka, akawapita kwa macho wenzake wote, macho yakatua kwangu.

"Mama, wewe ulikuwa shahidi wangu Jumanne. Waambie. Niliongea na wewe habari za mvua. Mtu anayeiba anaongea habari za mvua?"

Angenitukana ningekaa. Angenishuku ningekaa. Lakini yule mtoto aliniita nimtetee.

Nikasimama.

"Chanzo namba kumi na nne ni mimi," nilisema. "Mkono huo ni wangu. Niliufundisha kufanya hivyo mwenyewe, Songwe, kwa miaka mingi. Yeye hajui kitu. Nilijua tangu Jumanne kwamba hajui, na Profesa aliponiuliza sikumwambia."

Mzee alikunja mfuko wake wa karanga.

"Kwa nini hukumwambia?" aliuliza.

"Wivu," nilisema. Hakukuwa na neno jingine, na sikutaka kulitafuta.

Profesa alizifunga kanuni zake. "Na kyubu zako wewe?"

"Zangu safi. Niliacha."

Koku alijipangusa pua kwa mkono wa koti la maabara. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Basi na yeye atengeneze."

"Nimesema niliacha."

"Atengeneze, Profesa. Hapo mezani. Kama mimi."

Nilikwenda mezani bila hofu. Nilikuwa na aibu, lakini hofu sikuwa nayo. Nilichanganya pozolana yangu, nikaukodolea macho mkono wa kushoto kama mtoto mtundu. Tabaka la kwanza, salama. Nikashindilia, thelathini na tano. La pili, salama. Nikaanza kupumua.

"Mama Ipyana," Profesa aliuliza, "hii pozolana yako unaichukua upande gani wa Rungwe?"

"Upande wa Kiwira, ukipita daraja dogo. Ile ya juu ina maji mengi, siipendi..."

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Nikainua macho ukutani. Mkono wangu, mkubwa kama mlango, ulikuwa unatoka kwenye bakuli.

Sikuuhisi. Hilo ndilo jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka naacha ninachofanya. Vidole vilikuwa vyeupe kwa saruji, na sikuhisi chochote.

5

Tulirudia vipimo vyote, mimi na Koku, meza moja. Profesa aliamuru saruji ipimwe stoo na kuletwa ikiwa imeshachanganywa, bakuli liondolewe kabisa. Ilikuwa dawa rahisi kama kuficha sukari. Siku ya kwanza mkono wangu ulinyooka mara tano kuelekea mahali bakuli lilipokuwa, ukafumbata hewa, ukarudi. Wa Koku mara nne.

"Nimekupita," alisema bila kutabasamu.

Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza kwangu tangu Ijumaa. Ya pili ilikuja wiki moja baadaye: "Mimi nilikuwa nakuita Mama." Nikaendelea kushindilia.

Adhabu yangu ilikuja kwa barua. Nisimame masomo mwaka mmoja. Nitaje majengo yote niliyoyapima, na niende na timu ya ukaguzi kutoboa kila moja na kuchukua kipande cha zege halisi. Niliyakumbuka sitini na tatu. Zahanati, masoko, bweni moja la wasichana. Bweni nililiweka la kwanza. Tulilitoboa siku tatu, mimi nikiwa nimeshika drili, wasichana wakituchungulia. Lilitoa ishirini na sita, lilitakiwa ishirini na tano. Nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikakaa chini. La pili, ghala la mbolea, halikupita. Watu wanahamisha mifuko hadi sasa ninapoandika.

Ipyana aliniuliza swali moja tu. "Mama, shule yetu uliipima wewe?"

"Hapana."

"Bahati yetu," alisema, akaingia ndani.

Siku ya ishirini na nane nikarudi maabara kwa ruhusa maalumu. Kyubu zangu zilipondwa kwanza. Ishirini na saba. Ishirini na saba. Ishirini na sita. Zile thelathini na moja nilizoziimbia njia nzima zilikuwa kiganja changu.

Kisha za Koku. Mashine ilibana, ikabana, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naiombea kyubu ikatikie ishirini na tisa. Nilikuwa nimeshapoteza vyote, daraja lisingekuwa langu kwa vyovyote, na bado niliiombea.

Thelathini na nne. Thelathini na tano. Thelathini na nne.

Majivu yake ya pumba yalikuwa mazuri kweli. Aliyachoma mwenyewe, akayasaga mwenyewe, kwa akili yake mwenyewe. Mikono ilikuwa yangu, lakini zege lilikuwa lake tangu mwanzo. Wivu uliniuma kuliko siku zote, maana sasa haukuwa na pa kuegemea.

Koku alileta fomu. "Inataka shahidi."

"Wako wengine."

"Nataka wewe. Hakuna anayeutazama mkono huu kama unavyoutazama wewe."

Niliweka sahihi. Daraja la Mwasenga litasimama kwa namba zile, na mwanangu atalivuka kila asubuhi akiona jina la Koku kwenye nguzo.

Alipokuwa anakunja fomu alisema, "Jumatatu nakwenda kuchujwa chanjo. Wanaweza kutoa mwendo mmoja mmoja. Huo wa saruji unatoka. Wameniuliza kama kuna mwingine." Aliuchukua mwiko, akaugonga kwenye ukingo wa meza. Mbili kwa nguvu, ya tatu taratibu. "Huu nimeuzoea. Naupenda hata. Niubakize?"

Mtu mwema angesema ubakize.

"Utoe," nilisema. "Huo ni wa mama yangu. Nenda Muleba ukagonge kama mama yako."

Alinitazama, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima. Akanikabidhi mwiko. Nikauosha, nikaugonga, nikautundika mahali pake.